UZI: Miwani ya uhalisia pepe ya kujitengenezea. Anza na simu, kisha lenzi, boksi liwe la mwisho

Mwalimu_Lenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha Fizikia katika shule ya sekondari, na nimefungua uzi huu kwa sababu kila mada ya miwani ya uhalisia pepe (VR) ya kujitengenezea, yaani boksi lenye lenzi mbili linaloishika simu mbele ya macho, inapoibuka, mjadala huanzia kwenye boksi: likatwe vipi, likunjwe wapi, libandikwe kwa gundi gani. Boksi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachoamua kama mtazamaji atajiona amesimama katikati ya msitu au ataambulia kizunguzungu ni vitu viwili, yaani vihisi vilivyomo ndani ya simu (vifaa vidogo vinavyotambua mwendo wake) na umbali kati ya lenzi na skrini, na vyote viwili vinapimika kabla hujashika mkasi.

Historia yake ni fupi, lakini inafaa kujulikana, maana ndiyo inayoeleza kwa nini hadi leo tunaweza kuitengeneza bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa FOV2GO, kifaa cha kukunja ambacho simu hupachikwa mbele yake. Miaka miwili baadaye David Coz na Damien Henry, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Utamaduni ya Google mjini Paris, walibuni Google Cardboard, miwani ya kadibodi, wakitumia sehemu ya muda wa kazi ambayo kampuni huwaachia wafanyakazi kwa ajili ya mawazo yao wenyewe. Juni 2014, kwenye mkutano wa watengenezaji wa programu huko San Francisco, waliohudhuria waligawiwa kadibodi hizo za kukunja, na michoro yake ikawekwa wazi kwa yeyote. Novemba 2015 gazeti la New York Times likawapelekea wasomaji wake wa Jumapili zaidi ya miwani milioni moja za aina hiyo, ili watazame filamu kuhusu watoto watatu waliong'olewa makwao na vita, mmoja wao akiwa wa Sudan Kusini. Google iliacha kuiuza Machi 2021. Hata hivyo, tangu Novemba 2019 ilikuwa imeshaachilia msimbo wa programu yake kuwa huria, na michoro ya kadibodi tayari ilikuwa imesambaa kila mahali, kwa hiyo kusimama kwa mauzo hakukumzuia mtu yeyote mwenye boksi, lenzi mbili na simu.

Sasa tuingie kwenye lenzi, ambako ndiko watu wengi hukwama.

Toleo la 2014 la Google Cardboard lilitumia lenzi mbinuko mbili zenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa fokasi (umbali ambao lenzi hukutanisha miale inayotoka mbali) wa milimita 45. Jicho la mtu mzima haliwezi kuona vizuri kitu kilichowekwa sentimita nne kutoka usoni, na kazi ya lenzi ni kuisogeza taswira ya skrini hadi mahali ambapo jicho linaweza kutulia. Ukiweka skrini milimita 42 kutoka kwenye lenzi hiyo, kanuni ya lenzi tunayoifundisha Kidato cha Tatu inakupa taswira isiyo halisi iliyo umbali wa sentimita 63 hivi. Sogeza skrini iwe milimita 43, na taswira inakimbilia karibu sentimita 97. Irudishe hadi milimita 41, na taswira inakuja sentimita 46. Ipeleke milimita 46, yaani nje ya fokasi, na miale inaingia jichoni ikiwa imeanza kukutana, hali ambayo jicho la kawaida haliwezi kuirekebisha hata likijitahidi vipi. Angalieni vizuri namba hizo: milimita moja tu, ambayo ni chini ya unene wa kipande kimoja cha boksi la kufungia bidhaa, inaongeza au kupunguza umbali wa taswira kwa kiasi kikubwa hivyo. Ndiyo sababu miwani mbili zilizokatwa kwa mchoro mmoja, moja kwa manila na nyingine kwa boksi nene, hutoa matokeo tofauti kabisa, na mwenye ile mbaya hulaumu simu.

Kwa hiyo pima lenzi yako kwanza. Simama ndani ya chumba kilichozimwa taa, elekeza lenzi kwenye dirisha lenye mandhari ya mbali, kisha sogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka miti ya nje ionekane wazi kwenye karatasi ikiwa imepinduka juu chini. Umbali kati ya lenzi na karatasi ndio urefu wa fokasi. Mahali pa skrini ni pungufu ya hapo kwa milimita mbili au tatu.

Lenzi za kukuzia maandishi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule mara nyingi zina fokasi ndefu mno, na ukizitumia moja moja boksi litakuwa refu na picha itakuwa ndogo. Dawa yake ni kubandika mbili pamoja, uso kwa uso, kwa kila jicho, kwa kuwa nguvu za lenzi hujumlishwa: lenzi mbili za milimita 100 zikigusana zinafanya kazi ya lenzi moja ya milimita 50. Utahitaji lenzi nne, lakini zote utazipata mtaani. Njia ambayo mimi naiona bora zaidi ni kutafuta miwani ya plastiki iliyovunjika kishikio cha simu au mkanda, kwa sababu lenzi zake kwa kawaida huwa bado nzima na ni pana kuliko zile za 2014, hivyo jicho halilazimiki kukaa katikati kabisa ili lione vizuri.

Kuna pia lenzi ya maji, inayotengenezwa kwa kukata mabega ya chupa mbili za plastiki, kuyaunganisha yakitazamana na kujaza maji katikati. Kwa somo darasani ni nzuri sana, kwani mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kinachokunja mwanga ni umbo na kitu kilichomo, wala si kioo chenyewe. Karibu na simu ya mtu siipendekezi, maana huvuja.

Karibuni tuchangie. Nitaomba wenye ujuzi wa simu watusaidie upande wa vihisi.

---

FundiSimu_Mwanza

Mwalimu, shikamoo. Nakushukuru kwa maelezo ya lenzi. Naomba nichukue upande wa simu.

Simu janja karibu zote zina akselerometa, nyingi zina magnetometa, lakini jairoskopu ni kihisi ambacho watengenezaji hukiondoa kwenye simu za bei ya chini ili kupunguza gharama, na mnunuzi haambiwi. Tofauti yake kwenye jambo hili ni kubwa. Akselerometa huhisi mvutano wa dunia, kwa hiyo inajua ukiinamisha simu au ukiinua, ila ukisimama wima na kugeuka kutoka kushoto kwenda kulia, mvutano wa dunia haubadiliki upande wowote, na akselerometa inabaki haijui kwamba umegeuka. Magnetometa inaweza kusaidia kwa kufuata kaskazini, lakini inajibu polepole na inachanganywa na kila kipande cha chuma kilicho karibu. Jairoskopu ndiyo pekee inayopima kasi ya mzunguko wenyewe moja kwa moja. Nayo ina udhaifu wake, kwani kosa dogo hujikusanya na picha huanza kuteleza taratibu, na ndiyo maana programu nzuri huchanganya taarifa za vihisi vyote.

Kuna njia mbili za kuhakikisha simu inayo. Ya kwanza ni kupakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kwa ajili ya majaribio ya Fizikia. Ukifungua jaribio la jairoskopu na simu haina kihisi hicho, itakwambia. (Mwalimu, programu hiyo inakufaa darasani hata bila miwani.) Ya pili ni kufungua video yoyote ya nyuzi 360 kwenye YouTube na kugeuka na simu mkononi. Kama picha haigeuki na wewe, na inasogea tu unapoivuta kwa kidole, jua jairoskopu haipo.

Jambo la pili ni wingi wa pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha kwenye skrini. Skrini ya 1280 kwa 720 ikigawanywa mara mbili, kila jicho linabaki na pikseli 640 kwa upana. Zitandaze kwenye uwanda wa kuona wa nyuzi 80, ambao ndio wa miwani ya 2014, na unapata pikseli 8 tu kwa kila nyuzi, wakati jicho zima linaweza kutofautisha takriban 60. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080 unapata 12. Ndiyo maana maandishi madogo hayasomeki humo kamwe, na mtu asipoteze bando lake kutafuta video yenye chati na jedwali. Atafute mandhari, majengo, wanyama na bahari.

La mwisho kwa leo: asifunge mkanda wa kichwani. Miwani ya Google haikuwekewa mkanda kwa makusudi. Mtu akiishika kwa mikono miwili, kiwiliwili kinageuka pamoja na kichwa na mwendo unakuwa wa polepole, hivyo simu inapata muda wa kuchora picha mpya. Ukifunga mkanda, shingo inageuka haraka kuliko simu inavyoweza kufuata, na pengo hilo ndilo linaloleta kichefuchefu.

---

Mwanafunzi_Kisauni

Asanteni sana, mwalimu na fundi. Niko Mombasa, mwaka wa pili chuoni. Nimefanya jaribio la phyphox na simu yangu haina jairoskopu. Skrini ni ya inchi 6.7, na lenzi tayari ninazo, nilizitoa kwenye miwani ya plastiki iliyovunjika ya binamu yangu. Je, niache kabisa, au kuna namna? Nilijaribu kutazama video iliyogawanywa kushoto na kulia, na macho yaliniuma ndani ya dakika chache ingawa picha ilikuwa wazi.

---

Mwalimu_Lenzi

Usiache, mwanangu. Una kifaa cha zamani zaidi kuliko uhalisia pepe, nacho kina thamani yake kamili.

Mwanasayansi wa Uingereza Charles Wheatstone alieleza stereoskopu, kifaa kinacholionyesha kila jicho picha yake, mwaka 1838, kabla picha za kamera hazijaenea, akithibitisha kwamba ubongo hujenga kina kutokana na tofauti ndogo kati ya kile anachokiona jicho la kushoto na kile anachokiona jicho la kulia. David Brewster akaifanya ndogo kwa kutumia lenzi, na mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes wa Marekani akabuni ya kushika mkononi, ya bei nafuu, ambayo kwa hiari yake hakuichukulia hataza ili yeyote aweze kuitengeneza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyojua kichwa kimegeukia wapi, na watu walizitazama kwa miongo mingi. Simu yako isiyo na jairoskopu, ikiwekwa nyuma ya lenzi mbili, ni stereoskopu bora kuliko zote hizo.

Maumivu ya macho yako yana sababu inayopimika. Skrini ya inchi 6.7 ya simu ndefu za siku hizi ina upana wa milimita 155 hivi inapolazwa. Ukiigawa mara mbili, kitovu cha picha ya kushoto na kitovu cha picha ya kulia vinaachana kwa takriban milimita 77. Umbali kati ya mboni za macho ya mtu mzima ni milimita 63 kwa wastani. Maana yake ni kwamba, ili kuziunganisha picha hizo mbili, macho yako yanalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, jambo ambalo misuli ya macho haikuumbwa kulifanya. Simu ya inchi 5 ya zamani, yenye upana wa milimita 110, haina tatizo hilo. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Cardboard hurekebisha zenyewe kwa sababu huambiwa umbali kati ya lenzi, ila kicheza video cha kawaida hujaza skrini nzima bila kujua. Tafuta kicheza video kinachoruhusu kupunguza ukubwa wa picha, uipunguze hadi vitovu viwili viwe milimita 60 mpaka 63, uvipime kwa rula juu ya skrini yenyewe. Pembeni patabaki weusi, na hilo halina ubaya.

Kisha tengeneza picha zako mwenyewe. Huhitaji kamera mbili ikiwa unachokipiga picha kimetulia. Piga picha ya kwanza, sogeza simu kulia kwa kiasi fulani bila kuigeuza, piga ya pili. Ya kwanza iwe upande wa kushoto, ya pili upande wa kulia. Wapiga picha wa stereo hutumia kanuni ya moja kwa thelathini: umbali wa kusogeza uwe sehemu moja ya thelathini ya umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi. Kwa mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale ulio mita mbili mbele yako, sogeza sentimita sita hadi saba, ambayo ni sawa na nafasi ya macho yako. Kwa ua lililo sentimita 30, sogeza sentimita moja tu. Ukisogeza sita, picha mbili zitatofautiana mno na ubongo utakataa kuziunganisha.

Miti inayotikiswa na upepo, mawimbi na watu wanaotembea havifai kwa njia hii, kwani kati ya picha ya kwanza na ya pili vitakuwa vimeshahama.

---

Mama_Wawili

Naomba kuuliza jambo ambalo sijaona likiguswa. Wanangu wana miaka saba na kumi na mmoja, na mkubwa ameshaanza kukata maboksi tangu asome uzi huu pamoja nami. Je, macho yao yako salama? Na ninyi mkifanya darasani, mnawapa watoto wangapi miwani moja?

---

Mwalimu_Lenzi

Dada, ni swali ambalo kila mzazi anapaswa kuuliza, na nitalijibu kwa uangalifu.

Kwa muda mrefu watengenezaji wengi wa miwani za kuvaa kichwani waliweka umri wa chini wa mtumiaji kuwa miaka 13. Miwani ya kadibodi yenyewe ilitolewa kwa sharti kwamba mtoto awe chini ya uangalizi wa mtu mzima. Jambo ambalo Fizikia inatueleza wazi ni hili: nafasi kati ya mboni za mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, ilhali lenzi za toleo la 2014 ziliachana kwa milimita 60 na za toleo la 2015 kwa milimita 64. Mtoto wa miaka saba akitazama humo, macho yake hayako nyuma ya vitovu vya lenzi, anaona picha iliyopinda, na anajikakamua kuiunganisha bila kujua kwamba anajikakamua. Tena, macho yake yanaelekezwa kama vile kitu kiko mbali, huku lenzi ya jicho ikilazimika kulenga umbali ule ule mmoja wa taswira wakati wote, na mgongano huo huchosha hata watu wazima.

Kwa mdogo, ningesubiri. Picha ya stereo iliyotulia anaweza kuitazama kidogo akiwa umempakata, kisha aiweke chini. Kwa mkubwa, mwache ajenge, apime fokasi, atazame kwa dakika chache akiwa amekaa kwenye kiti, na akisema kichwa kinamzunguka aache siku hiyo. Mpime kwanza kwa rula umbali kati ya mboni zake, naye akate matundu ya lenzi kwa kipimo chake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kujitengenezea ambayo aliyenunua dukani hana.

Darasani hutumia miwani moja kwa kundi la watu wanne au watano, nao hupokezana huku wengine wakiandika vipimo. Sehemu inayogusa uso naibandika utepe wa plastiki ili ifutike kwa kitambaa chenye spiriti kati ya mtu na mtu, kwa sababu kadibodi hunyonya jasho, na ugonjwa wa macho mekundu hausubiri.

---

FundiSimu_Mwanza

Niongeze mawili ambayo yamewagharimu wateja wanaoleta simu kwangu.

Lenzi zikiachwa zinatazama jua, mwanga unakusanywa juu ya skrini na kuiunguza. Doa hilo halitoki, na inabidi kubadilisha skrini nzima. Miwani iliyowekwa dirishani au kwenye dashibodi ya gari ikiwa na simu ndani ni hasara inayosubiri saa yake. Zifunikeni lenzi kila mnapoziweka chini, hata kama ni kwa kipande cha boksi kilichobaki.

La pili ni kitufe. Toleo la 2014 lilitumia sumaku pembeni mwa boksi, ambayo ikisogezwa, magnetometa ya simu huhisi badiliko na kulihesabu kuwa mguso. Kwenye simu nyingi haifanyi kazi, kwa kuwa kihisi kinaweza kuwa mbali na sumaku, na sumaku hiyo hiyo huvuruga dira. Toleo la 2015 likaacha sumaku na kutumia kitufe kinachopeleka mguso wa kidole hadi kwenye skrini. Mnaweza kuiga kwa utepe wa karatasi ya alumini ya jikoni: ncha moja iguse skrini karibu na katikati, ncha nyingine itokeze nje ya boksi mahali kidole kinapofika. Utepe uwe mzima, usikatike kwenye mkunjo, la sivyo mguso haufiki.

---

Mwanafunzi_Kisauni

Nimepunguza picha hadi milimita 61 na maumivu yameisha. Nina swali moja la mwisho kwa faida ya wenye jairoskopu: mwenzangu hapa chuoni ana simu inayofaa, lenzi zake ni za kukuzia maandishi, nne kama ulivyosema, lakini mistari ya ukutani kwenye video ya nyuzi 360 inaonekana imepinda kuelekea nje kwenye kona. Ni lenzi au ni programu?

---

Mwalimu_Lenzi

Ni vyote viwili kutosikilizana. Lenzi moja mbinuko huvuta kona za picha kuelekea nje. Programu ya Cardboard inalijua hilo, kwa hiyo huichora picha ikiwa imepindwa kinyume, ili mpindo mmoja uufute mwingine. Kiasi cha kupinda hukisoma kwenye msimbo wa QR uliobandikwa kwenye boksi, ambao hubeba umbali kati ya lenzi, umbali wa lenzi na skrini, na namba mbili za mpindo. Kwa miwani ya 2014 namba hizo ni 0.441 na 0.156, kwa ya 2015 ni 0.34 na 0.55. Mwenzako huenda ameskani msimbo wa miwani nyingine, au hajaskani chochote, na programu inarekebisha lenzi ambazo hana.

Ajaribu kwanza msimbo wa miwani ya 2014, kisha wa 2015, achague ule unaokaribia. Ukibaki mpindo wa kuelekea nje, programu haijarekebisha vya kutosha, kwa hiyo aongeze namba ya kwanza kidogo kidogo. Kona zikianza kuvutwa kuelekea ndani, aipunguze. Picha nzuri ya kupimia ni ukuta wa matofali au dirisha la nondo, uliopigwa moja kwa moja kutoka mbele. Na kabla ya kugusa namba yoyote, ahakikishe lenzi zake mbili za kila jicho zimebanana katikati na hakuna iliyoinama, kwa sababu lenzi iliyolala upande hupinda mistari ya upande mmoja tu, na hilo hakuna msimbo utakaolirekebisha.